Jumamosi za Wijdan

Binti yangu Wijdan anatafiti maradhi ya samaki katika mji wa Kagoshima, Japani. Mwaka wa pili huu. Sisi tuko Hail, Saudia, nyumba ya pili kutoka msikitini. Nasema sisi, bado sijazoea.

Wijdan alikuwa mtoto wa kujificha nyuma ya buibui la mama yake. Dukani hakwenda peke yake mpaka alipoingia chuo. Alipofika Japani, siku za kazi akenda maabara, siku za mapumziko akajifungia chumbani, anakula mkate na mayai. Shariffa, marehemu mke wangu, akajua. Akamwambia kwa simu, "Toka. Na mie nitoe."

Basi ikawa hivo. Mapumziko yetu ni Ijumaa na Jumamosi, yao Jumamosi na Jumapili. Jumamosi ndiyo tunakutana. Asubuhi simu ya Shariffa italia, ataiegemeza kwenye birika la chai, na Wijdan atamtembeza. Sokoni, bustanini, kwenye treni ndogo ya mjini. Mie nikikaa pembeni nikisikiliza.

"Geuza simu nimwone samaki huyo. Jodari?"

"Jodari, Mama."

"Wamemkata vizuri. Wewe ungeweza?"

"Mie namtafiti, Mama, simkati."

"Mtafiti wa samaki, kumpaa magamba hujui. Nani atakuoa?"

Wakicheka wote wawili.

Ng'ambo ya mji huo, kwa kivuko, kuna mlima unaotoa moshi. Chini yake watu hukaa wakatia miguu katika maji ya moto, bure. Shariffa magoti yakimsumbua. "Jumamosi ijayo nipeleke hapo," akamwambia.

Ijumaa alfajiri akafariki. Moyo. Tukamzika baada ya sala.

Mwanangu mkubwa, Muhanna, akanambia, "Baba, Wijdan asiambiwe kwa simu. Yuko peke yake kule. Mwenzake wa chuo, Alaa, yuko Tokyo, kesho anapanda ndege. Jioni atamfikia, amwambie akiwa ubavuni pake."

Nikaona sawa. Kwetu habari kama ile mtu hapewi akiwa peke yake. Na kuwahi mazishi asingewahi.

Jumamosi asubuhi simu ya Shariffa ikalia. Muhanna keshatoka kupokea wageni wanaume. Ndani wanawake wanasoma Kurani. Simu ikakatika, ikalia tena. Nikaogopa, akikosa jibu atashtuka. Nikatoka nayo, nikakaa kwenye ngazi za mlango wa nyuma, nikabonyeza kijani.

"Sabalkheri, Baba. Mama yuko wapi?"

"Kalala."

"Saa hizi? Mwamshe, mwambie nimefika. Tazama."

Akanionesha miguu yake majini, suruali kaikunja. Pembeni yake bibi mmoja wa Kijapani, kavaa kofia, na yeye kaitia miguu yake.

"Moto sana?" nikamuuliza. Sikujua jengine la kuuliza.

"Yanavumilika. Baba, Mama anaumwa?"

"Haumwi."

Akaniangalia. Si mie, nyuma yangu.

"Baba, viatu vyote hivo vya nani?"

Nikageuka. Mlango wa nyuma ndio wanaoingilia wanawake. Viatu vimejaa, kimoja juu ya chengine, mpaka kwenye ngazi nilipokaa. Mie nilidhani simu inaonesha uso wangu tu.

"Baba."

Nikainyanyua simu, viatu visionekane.

Simu yake ikaanguka juu ya ubao wa kukalia. Nikaona mbingu na moshi wa ule mlima. Yeye nikimsikia tu, analia. Nikamwita, nikamwita. Kisha ukaja uso wa yule bibi, ananisemesha kwa lugha yao.

"Kaa naye hapo, bibi," nikamwambia. "Usimwache mpaka mwenzake aje."

Akaitikia kwa kichwa, akasema tena yake. Simu ikazimika, chaji imekwisha. Nikabonyeza kijani, haikuwaka. Nikabonyeza tena.

Alaa alipomfikia jioni alimkuta chumbani kwake, mabegani ana taulo dogo lisilo lake. Nani kamrudisha, mwenyewe hakuweza kusema.

Wijdan alikuja Hail, akakaa nasi wiki, akarudi kwenye kazi yake. Jumamosi bado anapiga, kwenye simu yangu. Nyuma yake naona ukuta wa chumba.

"Toka, mwanangu."

"Nitoke na nani, Baba?"

Shariffa angemjibu papo hapo. Mie nafikiri, mpaka ananiuliza kama simu imekatika. Jumamosi iliyopita nikamwambia, "Na mie nna magoti kama ya mama yako."

Hakucheka. Akanambia ana chakula motoni, akakata.

Leo Jumamosi tena. Simu nimeiegemeza kwenye birika. Nangoja, na la kumwambia sijalipata.