Kambale wa Jirani

Jirani yangu ni Mluguru, mimi Mnyamwezi, kwa hiyo ni watani, na kati yetu hakuna neno lisilosemeka. Mto ulipofurika, ni yeye aliyeingiza gari lake kwenye maji akamtoa mama yangu nyumbani. Alipomfikisha kwenye mwinuko, akarudi kufuata dawa za mama. Gari likazimika humo majini, maji yakapanda hadi kwenye usukani.

Maji yalipopungua, fundi akaliwasha tena. Zulia likabadilishwa, ndani kukapuliziwa manukato. Kisha jirani akatangaza kuliuza.

Aliyekuja kulitazama ni mama mmoja wa Mkuyuni, mfanyabiashara wa ndizi, aliyechoka kukodi gari kila siku ya soko. Alilizunguka, akawasha taa, akakalia kiti cha dereva. Hakuvuta mkanda hadi mwisho. Angeona tope lililokauka. Hakuinua zulia, angeona kutu kwenye boliti za viti. Mimi nilikuwa uani kwangu, nayajua yote.

"Kaka, gari hili unalijua?" akaniuliza.

"Nalijua sana. Hilo ni kambale, dada. Limeshapiga mbizi mtoni, na mwenyewe yumo ndani."

Jirani akaangua kicheko. "Msamehe, dada. Hawa Wanyamwezi wakikosa mizigo ya kubeba, wanabeba uongo."

Yule mama akacheka mpaka akajifuta macho. Kisha akasema, "Haya, utani kando. Lina tatizo?"

Jirani hakunikonyeza wala kunisihi. Alitazama upande wa dirisha la mama yangu, au labda ukuta tu.

"Mwenye gari huyo hapo," nikajibu. "Muulize yeye."

Akamuuliza, akaambiwa ni zima. Wakakubaliana.

Kwa wiki kadhaa nilijiambia kwamba ukweli niliusema. Ndiyo, niliusema, kwa namna niliyojua hautaaminiwa.

Mwezi uliopita gari lilimzimikia kwenye mlima wa kuelekea Matombo, limesheheni ndizi, likarudi nyuma hadi mtaroni. Hakuumia. Jirani ndiye aliyeniletea habari, kwa sauti ya chini, nami nikamwomba namba ya yule mama. Nilipompigia nilimweleza kila kitu: mkanda, kutu, dawa za mama yangu.

Akasema, "Lakini wewe si ulisema, kaka? Mimi ndiye niliyecheka."

Nikamwambia hapana, dada, usijilaumu. Yeye akaniuliza mama yangu anaendeleaje.