Nyumba ya Mama Mkwe Niliyoivuta kwa Pikapu Yangu Imenajisiwa

Admin, nifichie jina, maana hapa Kagongwa nikikohoa tu watu wanajua ni nani. Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na mitatu, nina mke mmoja. Shule niliishia darasa la tano, lakini kwenye usukani wapo maprofesa wanaoniamkia. Nina pikapu ya petroli, silinda nane, ikiunguruma kuku wa mtaa wa pili wanataga kabla ya siku yao. Nawaandikia kuomba ushauri kabla ya Jumapili.

Mama mkwe wangu ana kisukari, na kijijini kwao hakuna kliniki. Tukamwomba aje akae kwetu, akakataa. Kwetu Wasukuma mama mkwe halali paa moja na mkwe wake, na mkwe hakanyagi anapolala mama mkwe, sembuse kukiona kitanda chake. Akasema, "Bora nife na heshima yangu." Mke wangu alilia sana. Nikamwambia, "Mama Kulwa, nyamaza. Mama yako atapata nyumba yake, na nitaileta nikiwa nimekaa." (Jina la mtoto nimelibadilisha, msianze kunitafuta.)

Nje ya Geita kulikuwa na kambi ya Wazungu watafiti wa dhahabu. Walipoondoka waliuza tela ambalo ni nyumba kabisa: kitanda, jiko, choo humo humo. Hili si tela la kufunga nyuma kwenye ndoano kama la trekta. Shingo yake inapanda ndani ya bodi ya pikapu, inakaa juu ya ekseli kama semi. Fundi alinichomelea kikalio cha chuma cha kushikia hiyo shingo huku madereva wa malori wakinicheka. "Mzee, hiyo kazi ya dizeli! Petroli yako itachemka kabla hujatoka mjini." Ndugu zangu, nililivuta hadi Kagongwa. Pikapu ilikunywa petroli kama ng'ombe wa kiangazi waliofika bwawani, kwenye mlima ikanyanyua pua nikawa naona mawingu tu, na dereva wa lori nililolipita alivua kofia. Ilichemka kidogo, sitaki kuwa mwongo. Maji ya rejeta tungeweza kusongea ugali.

Nikaliegesha uani, ufunguo nikampa mke wangu ampe mama yake. Tangu hapo sikukanyaga ngazi yake. Mama alikuwa ananisalimia kwa mbali kupitia dirishani, nami namwita mayu, yaani mama. "Baba Kulwa, umenijengea," alisema. Mwanaume mzima nilitoka nje ya geti nikajifuta machozi.

Juzi kati mama akaenda kijijini kwenye msiba wa dada yake. Akaja kitinda mimba wake, mdogo wa mke wangu, tumwite Masanja. Anafanya kazi kwenye mwalo huko Geita, pale wanapochenjua mchanga wa dhahabu. "Shemeji, mama ameniruhusu nilale humo mpaka arudi. Kule nalala chini ya turubai. Ila sijui nani ataweza kulivuta hadi mwaloni, wenye dizeli wote wameogopa." Wameogopa! Nilishawasha gari hajamaliza kusema.

Mama alipopiga simu kwamba anarudi Jumapili, nikaenda kulifuata mwaloni. Nilikuta foleni. Wanaume wenye tope hadi magotini wamekaa kwenye ngazi wanasubiri zamu, na wanawake wa kilabuni wanatoka ndani wakifunga khanga. Masanja yuko mlangoni kwenye kiti, anakodisha kitanda cha mama yake mzazi! Kitenge cha mama cha kwaya ndicho pazia. Karai lake la kuogea wanakorogea mchanga na zebaki. Tangi la choo limejaa linavuja, nzi wametanda, harufu inashika ulimi.

Nilikimbilia mlangoni. Masanja hakuinuka hata kidogo, akacheka: "Shemeji, unaenda wapi? Humo ni chumbani kwa mama mkwe wako. Kitanda kiko wazi. Ingia basi, watu waone!" Foleni nzima ikashangilia. Mguu wangu ulikuwa juu ya ngazi. Nikaushusha. Mimi niliyepandisha nyumba mlimani, nilishindwa na ngazi isiyofika magotini.

Nikarudi kwenye pikapu, nikaingiza shingo kwenye kikalio, nikapiga honi ndefu. Waliokuwa ndani waliruka nguo mkononi. Njia nzima tangi linadondosha, bodaboda wananipita wameziba pua, mmoja akapaza sauti, "Mzee, umebeba maiti?"

Sasa tela liko kwa rafiki yangu mwosha magari, Kahama. Mke wangu aliingia kusafisha, akatoka anatapika. Lakini anasema, "Tuoshe, tubadilishe godoro, tunyamaze. Mama akijua alichofanya mwanawe atarudi kijijini, na kule dawa hakuna. Unataka kumzika?" Mimi naona kumlaza pale bila yeye kujua ni sawa na kumvua nguo mbele za watu akiwa usingizini. Masanja naye amenitumia sauti kwenye simu, anacheka: "Mwambie basi. Akikuuliza umejuaje ya kitandani kwake, utasema uliingia?"

Jana mama alipiga. "Baba Kulwa, nyumba yangu haijambo?" Nikajibu, "Haijambo, mayu." Kuhusu hii pikapu nimeongeza chumvi maisha yangu yote na nimelala usingizi mzuri. Hilo neno moja limeninyima usingizi.

Jumapili nampokea stendi. Nyie wenye wakwe mnaowaheshimu, nisaidieni kabla basi halijafika: nimwambie akafie kijijini na heshima yake, au nimpe mke wangu ufunguo ampe, mimi nikiangalia chini?