Bip Moja Rudi, Bip Mbili Ningojee

Mi ni Mukandori wa Mbugangari, na hii naandika na mukono yangu mwenyewe. Herufi zinalala huku na huku, lakini zinasomeka. Miaka makumi tatu nilivusha nyanya na vitunguu kwenye mupaka wa Rwanda na Kongo, pale Petite Barrière, na hakuna mutu Goma alinidanganya kwa mizani. Sasa magoti yamekataa. Kazi yangu imebaki moja: Belise.

Belise ni mujukuu yangu, iko na miaka saba. Hasikii. Ngoma ya kanisa anaipata kwa kushika benchi tu. Anasoma Nyundo, kwenye darasa la watoto kama yeye, anaenda na minibus na kurudi nayo. Baba yake ni Ndahiro, mutoto yangu. Tunakaa sisi watatu.

Mwezi uliopita Belise alishuka minibus kwenye arrêt, kituo kisicho chake. Mutaa muzima ukatoka kupiga kelele, "Belise! Belise!" Sasa walikuwa wanamuita nani? Nilimukuta amechuchumaa anaangalia fundi anachomelea mulango, hana wasiwasi hata kidogo. Nilimushika mukono, sikumuachilia mpaka nyumbani.

Ndahiro akasema, "Mama, basi. Muhula ujao anaenda shule ya kulala, Huye."

"Huye? Siku nzima ndani ya bus?"

"Kule iko ukuta na mulinzi. Hapa hatuna namna ya kumuita."

"Na nikiipata hiyo namna?"

"Utamuita na nini, Mama? Tarumbeta?"

"Nimekuuliza: nikiipata?"

Akacheka. "Bon. Ukiipata, anabaki."

Neno lile nililikamata kama kuku anayetaka kutoroka.

Kesho yake nilimushika Belise mukono, tukaingia mujini kwenye maduka ya simu. Kijana mumoja muuzaji, Jado, akaniwekea simu kwenye sikio. "Sikiliza sauti hiyo, mukecuru, bibi yangu! Inafika mpaka Goma!"

"Sauti yako iweke mufukoni. Nionyeshe inatetemeka namna gani."

"Mutoto atasoma mesaji basi."

"Bado iko kwenye A na B. We ulizaliwa unasoma?"

Nikafunika macho ya Belise na kitambaa changu. Jado alitia simu kwenye mufuko wa sweta ya mutoto, akaipigia. Belise hakushituka. Akaitia kwenye begi. Hakugeuka. Simu kubwa, simu ya vibonye, zote hazikumufikia, na watu wameanza kujaa mulangoni kutazama. Uso wangu niliuacha vile vile, kama mutu anangoja bei ishuke.

Kisha Jado akakumbuka kitu, akaingia chini ya meza. Akatoa montre ya mutoto, saa ya mukono yenye kutiwa kadi ya simu, na ukigusa picha ya mutu inamupigia. Akamufunga nayo kwenye mukono, akapiga.

Belise aliruka! Alitupa kitambaa, akapandisha mukono wa sweta kutafuta ndani, kama vile panzi ameingia, akacheka na sauti yake yote. Watu mulangoni wakapiga makofi. Yebabawe, nilisahau magoti, nilicheza mbele yao bila haya. Bei niliipigania baadaye, na mutu anayenijua anajua ilikwisha namna gani.

Jioni nilimufundisha kwa ishara za mikono kubipa, kama vile tulivyobipiana sisi wachuuzi miaka yote: unapiga, unakata kabla hawajapokea. Mi nikakaa jikoni, yeye kwenye kiwanja. Bip moja: rudi nyumbani. Bip mbili: baki hapo, mi nakuja. Tulirudia mpaka maharage ikaungua.

Jumamosi Ndahiro akasema tujaribu. Alimupeleka Belise sokoni, akamuacha katikati ya wauza nyanya, yeye akasimama mbali. Mi nilibaki mulangoni na simu. Nikabipa mara moja.

Nikangoja. Barabara tupu.

Ndahiro akanipigia. "Mama, ameangalia mukono, halafu amesimama tu. Hatoki. Imekataa."

"Kata simu! Niachie laini!"

Nilianza kushuka ngazi nimufuate. Hapo simu ikalia ndani ya mukono yangu, ikakatika. Ikalia tena, ikakatika. Kwenye kioo, picha ya Belise.

Mbili. Baki hapo, mi nakuja.

Miaka saba mutoto huyu hajawahi kuniita nikiwa mbali naye. Nilirudi kwenye mulango wangu, nikabaki pale pale kama alivyoniagiza. Machozi na kicheko vilikuja pamoja. Halafu nikamuona: anakimbia, mukono ameuinua juu na saa yake, sketi imejaa vumbi, na nyuma Ndahiro anahema kama mubeba saruji.

"Alikuwa anakujibu," akasema. "Donc alisimama ili akujibu!"

"Na Huye?"

"Huye gani, Mama? Nipe namba ya mutoto yangu."

Jumatatu Belise alipanda minibus na saa yake. Jumatano mwalimu alituma barua: bibi wa Belise apunguze bip wakati wa masomo, darasa zima linaacha hesabu kuangalia saa. Niliisoma peke yangu, mustari kwa mustari, na nikamujibu na mukono yangu: nitajaribu.