Nilimtuma shemeji mfupi anijaribie gari, sasa goti langu limekuwa kesi ya ukoo

Wakuu salaam. Shikamoo kwa wanaostahili, wengine mambo vipi.

Haya yamenikuta mimi mwenyewe hapa hapa Kilwa, na sina sababu ya kuongeza chumvi maana aibu iliyopo inatosha. Someni mpaka mwisho kabla hamjaanza kunipa pole za kejeli.

Niseme mapema kwamba nimekasirika. Kuna watu humu wanaandika review za gari ndogo za sporty, "legroom ya kutosha", "driver anakaa safi", halafu hata urefu wao hawausemi. Anakaa safi nani?

Niwape kipimo changu. Nina futi sita na inchi tano. Viatu navaa namba 47. Chandarua miguu inatoka nje, milango ya nyumba za kupanga nainama, na mtaani Masoko wananiita Mlingoti. Nimezoea, silalamiki.

Kazi yangu ni fundi friji. Tangu nikiwa kijana nilikuwa na hamu moja tu ya kidunia: kigari cha siti mbili, manual, kimelala chini, ukikanyaga mafuta mgongo unarudi nyuma. Baada ya miaka mingi ya kujinyima nikakiona kimoja mtandaoni, chekundu, kipo yadi moja Dar. Jina la gari sitalitaja, maana watakuja mashabiki wake hapa kunitukana.

Sasa nyie wa mjini mtauliza kwa nini sikwenda mwenyewe.

Huku kwetu mtu akisema kesho anaenda Dar, mtaa mzima unamtuma. Nguo za harusi, dawa, vipuri, hata viatu. Unapima unyayo kwa kamba, unakata, unampa kamba anaondoka nayo. Ndivyo tunavyoishi na mara nyingi vitu vinakuja sawa.

Wiki ile aliyekuwa anakwenda ni shemeji yangu Shamte, mdogo wake mke wangu Mwanaidi. Ana duka, anafuata mzigo. Nikampa orodha: aangalie injini, moshi, kadi, namba ya chassis, awashe AC, akae ndani, aendeshe kidogo. Shamte ni mwaminifu sana, hilo simnyimi. Ila akisimama karibu yangu kichwa chake kinafika kwenye mfuko wa shati. Ukoo wao wote ndivyo ulivyo.

Akanipigia akiwa ndani ya gari. "Shemeji, miguu inanyooka, kichwa hakigusi popote, usukani upo hapa hapa. Hii gari kama walikupima."

Nikasema alhamdulillah, lete.

Muone akili yangu wakuu. Viatu nilikuwa natuma na kamba. Gari nikatuma bila hata kamba.

Shamte akaja nayo mpaka mlangoni kwangu, watu wakajaa. Nikafungua mlango kwa maringo, nikaingiza mguu wa kushoto, nikaingiza kiuno, kisha nikakwama. Nikatoka. Nikajaribu kuanza na kichwa. Nikatoka tena. Mara ya tatu nikaingia kinyumenyume, miguu ikabaki nje, nikaivuta kwa mikono mmoja mmoja.

Siti nimeirudisha mpaka imegota. Kichwa kinagusa paa, kwa sababu gari ina sunroof, lile dirisha la juu, na fremu yake inakula kama vidole vitatu vya nafasi ambavyo ndivyo nilivyokuwa navihitaji. Usukani haupandi wala hausogei, umekaa juu ya mapaja. Kiatu changu kikikanyaga breki kinakanyaga na mafuta. Na goti la kushoto, hili ndilo mlikumbuke, halina pa kwenda isipokuwa kulala juu ya gia na kuvuka upande wa abiria.

Nikampigia muuzaji. Nikamueleza kwa adabu kabisa. Akacheka, akaniambia, "Boss, gari siyo nguo, haina saizi. Wewe ndiyo umezidi."

Nimezidi. Mtu anaandika kwenye tangazo "inafaa dereva yeyote", umemlipa, halafu anakuambia umezidi. Mpaka leo nikilikumbuka lile neno natamani nimfuate nikamkalishe mimi kwenye friji ya futi nne nimwambie haina saizi.

Nikaenda kwa fundi wa siti kule Nangurukuru, akatoa sponji ya siti nusu nzima. Kichwa kikapata nafuu, lakini sasa nikawa nimekaa kama mtoto kwenye beseni, kila tuta la barabarani linanigonga kiunoni. Bado nikaendesha. Nikivua kofia, nikivua viatu, shingo nimeilaza upande, naendesha. Mwanaidi akiniuliza kama inaniumiza namwambia gari za sporty ndivyo zinavyokaliwa.

Hapo ndipo ikaja habari ya mama mkwe.

Bi Somoe, mama yake Mwanaidi, anaishi Kinjumbi. Macho yake yana mtoto wa jicho, yote mawili, alikuwa anaona mwanga tu na vivuli. Amefika mahali anapapasa sufuria jikoni kwake. Wakaja madaktari wa macho hospitali huku Masoko kwa siku chache, jina lake likaandikwa, akaambiwa afike siku ya mwisho kabla ya saa tatu asubuhi. Akikosa, asubiri mpaka watakaporudi, na hakuna aliyejua ni lini.

Mabasi ya kutoka Dar hupita kule baadaye, hayamfikishi kwa wakati. Bodaboda kwa bibi asiyeona haifai. Shamte na pickup yake walikuwa safari ya mzigo. Nikasema mbona gari ipo. Mimi na Mwanaidi tukaenda kulala Kinjumbi siku moja kabla. Mpango ulikuwa mimi nimpeleke mama na kigari, Mwanaidi afuate na basi, kwa sababu siti ni mbili tu.

Kwa wasioijua mila: mkwe na mkwe hawagusani. Hapa sizungumzii kuogopana, ni heshima. Miaka yote tangu nimuoe Mwanaidi, mama yake hajawahi kukaa na mimi mkeka mmoja, hanipi mkono, na akitaka kuniambia kitu anamwambia mwanawe hata kama mimi nipo pale pale. "Mwambie mumeo chai tayari." Nami namjibu kwa njia hiyo hiyo.

Asubuhi tukamuingiza. Kwake ilikuwa rahisi, alikaa akaenea, miguu haijafika hata mbele. Akajifunika kanga vizuri. Mimi nikaingia kwa ile staili yangu, goti likavuka gia na kutua kwenye mguu wake.

Akasogea mpaka mlangoni. Nikasema samahani mama. Nikavuta goti, likagonga usukani, honi ikalia. Nikatia gia ya kwanza, kiwiko kikamgusa bega. Ya pili, goti likarudi. Hatujafika hata mita mia akapiga mlango kwa kiganja mara mbili.

"Mwanaidi," akaita, na Mwanaidi alikuwa anatufuata kwa miguu nyuma. "Mwambie mumeo asimame. Mimi siwezi kwenda hivi. Bora nibaki na macho yangu."

Akashuka mwenyewe akipapasa, akasimama pembeni ya barabara. Wakuu, niliona vibaya sana. Nilitamani nikate ule mguu. Mwanaume wa kawaida angekaa upande wake na mama angefika salama. Mimi nilishindwa kumpeleka mama wa watu hospitali kwa sababu ya goti.

Mwanaidi akaja dirishani. "Lete funguo."

Mwanaidi ana leseni, alijifunza Lindi mjini kabla hatujaoana. Lakini kigari changu sikuwahi kumpa. Nikaanza maneno: manual hii, clutch yake ngumu, barabara ina malori, wewe hujaizoea.

Akanyoosha kiganja. "Saa moja na nusu sasa hivi. Unataka nikamwambie mama akae gizani kwa sababu ya clutch?"

Nikatoka, na mnajua natokaje. Nikampa.

Mwanaidi akakaa. Akavuta siti mbele, klik, ikatulia. Akarekebisha kioo. Mguu ukakanyaga breki peke yake. Kichwani amebakiwa na nafasi ya kuweka kilemba. Hakuhitaji mto wa kukalia. Kigari kikaondoka vizuri, hakijazima hata mara moja, na mama yake amekaa pembeni ametulia.

Mimi nikabaki barabarani peku, viatu vimeondoka na gari.

Nilipata boda mpaka Somanga, muuza samaki mmoja akaniazima ndala zilizofika nusu ya unyayo, nikasubiri basi. Nilikaa pale na hasira zangu zote. Nilimlaani muuzaji, waandika review, Wajapani, sunroof na Shamte. Kisha nikajilaani mwenyewe, maana siku zote zile nilikuwa napinda shingo ili watu waone nimekaa kwenye sporty.

Nafika Masoko mchana, mama ameshafanyiwa jicho moja, kafungwa bandeji, kalala. Walikuwa wamewahi.

Jioni nikamlalamikia Mwanaidi kuhusu hawa wanaotengeneza magari, kwamba hawatufikirii sisi warefu. Akaacha kukunja nguo.

"Pickup ya Shamte nakalia mito miwili ndipo nione barabara. Gari ya kaka yako mkanda unanikata shingo. Kila gari niliyowahi kushika imetengenezwa kwa ajili yako. Hii moja ndiyo imenitosha, na ukanificha funguo."

Nilikuwa nimepanda juu kwa hasira kwa sababu ya gari moja, mwenzangu anaishi hivyo kila siku na sikuwahi kumsikia akipiga kelele, au alipiga mimi sikusikiliza.

Kesho yake wakamtoa bandeji. Tukatoka nje, Mwanaidi kamshika mkono. Mama akasimama kwenye ngazi anaangalia miti, watu, mikono yake mwenyewe. Akalia kidogo. Kisha akakiona kigari. Akakizunguka chote taratibu, akainama dirishani akaangalia ile nafasi ya dereva, akaniangalia mimi kuanzia chini mpaka juu, na hapo juu alichukua muda.

Somo langu wakuu ni hili. Gari ina saizi, atakayekuambia haina anataka pesa yako. Ukiwa mrefu kaa mwenyewe, na viatu vyako, nusu saa, ukunje kona, ukanyage breki. Ukiwa mfupi usikubali kuambiwa weka mto. Usitume mtu akakukalie. Na mwandika review aanze na urefu wake, kisha ndiyo atuambie habari za legroom.

Nakaribisha maoni, hasa warefu wenzangu: mnaendesha nini ambacho goti linabaki kwa mwenye goti? Na wafupi semeni pia, safari hii nitasoma.

Msiniulize kama nakiuza. Mama alipomaliza kuniangalia pale hospitali alimgeukia mwanawe, akasema bila hata kupunguza sauti:

"Mwambie mumeo amefanya vizuri sana kukununulia gari. Sasa na yeye atafute la kwake."