Telegramu ya Zebedayo

Mwaka 1954 Zebedayo, Msambaa wa Lushoto, alikuwa karani wa telegramu mjini Tanga. Mgiriki mmoja mwenye shamba la mkonge alimweleza kwamba "tele" ni neno la kwao lenye maana ya "mbali", na kwamba Wajerumani, Wafaransa na Waingereza wote huanza nalo kuitaja telegramu.

Wafiwa waliofika dirishani aliwashauri wasitaje kifo. "Andika mgonjwa sana, ndugu. Aliye mbali asije akaanguka njiani."

Siku moja akapokea telegramu kutoka Lushoto: MAMA MGONJWA SANA NJOO. Ilikuwa yake mwenyewe.

"Huenda ni homa tu," alisema Uweso, karani mwenzake. "Usimchulie mama."

"Huenda," akajibu Zebedayo, kisha akaenda kuomba ruhusa ya kwenda kuzika.