Siku Niliyoshindana na Baba kwa Mshipi

Jumapili iliyopita, nikipita mtaa wa Nangara, nilimwona jirani akizungusha rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi wa kuvulia samaki, huku binti yake amemshikia roli la mshipi mpya. Mtoto alikuwa amekaza mikono na kung'ata midomo. Nikamkumbuka baba.

Alasiri moja nilipokuwa mdogo, ua wetu ulinukia maharage yaliyokuwa jikoni na mafuta ya cherehani ambayo baba aliitilia rili yake. Alikuwa ametoka hospitali, na mkono wake wa kulia ulikuwa bado dhaifu. Mimi nilijua tu kwamba ameniita tucheze.

Alinieleza taratibu kwamba mshipi wa kusukwa lazima uingie kwenye rili ukiwa umekazwa. Ukiingia umelegea, samaki akivuta, unajichimbia ndani na kukwama. Basi nikapitisha penseli katikati ya roli, nikaubana mshipi kwa kitambaa chenye maji, nikavuta kama tunavyovuta kamba shuleni. Baba akazungusha kwa mkono uleule wa kulia. Rili ililia, ikanyamaza, ikalia tena.

"Neema, mlegezee baba yako," mama alisema kutoka jikoni.

"Mama Neema, mwache," baba akajibu, jasho likimtiririka. "Kwani kambare wa ziwani atanilegezea?"

Nikakaza zaidi. Mshipi ukazidi kuniponyoka, mpaka roli likabaki tupu. Nikaangua kilio, na baba akacheka kwa sauti.

Mama alikuja kunikumbatia, naye machozi yakimtoka. Nilidhani analia kwa sababu nimeshindwa.