Mama Si Doa

Wapiga picha wa Kariakoo wana ugonjwa mmoja, nao wanauita ufundi. Mtu mweusi akikaa mbele ya kamera zao wanabonyeza tu, kama wanavyowabonyezea wote, mtu anatoka kama doa, kisha wanamtia kwenye kompyuta "kumsafisha." Ndiyo neno lao hilo. Wanalisema bila haya, na wewe unatakiwa useme asante.

Mama yangu ni mweusi, mweusi wa kung'aa. Marehemu baba alikuwa mtoto wa Kiarabu wa hapa hapa mjini, na dada zake wawili, mashangazi zangu, ni weupe na wanajua kwamba ni weupe. Harusi ya kaka yangu ilipopigwa picha ya familia, mashangazi walikaa mbele kwenye viti, kama kawaida yao, mama akasimama nyuma kwenye kona, ukuta mweupe huku, makanzu meupe kule. Picha ilipokuja ukaona mtandio, ukaona meno, katikati hapana mtu. Shangazi mkubwa alicheka mpaka akafuta machozi. "Wifi," akasema, "siku nyingine uje na tochi."

Mama naye akacheka, maana angefanya nini? Lakini tangu siku ile, kamera ikitolewa tu, yeye anakumbuka jikoni. Idi, akika, maulidi, kila mara "nyie pigeni, mimi naangalia wali." Sasa mdogo wangu alikuwa amechumbiwa, binti wa mwisho, na mama akatangaza mapema kwamba kwenye picha haingii. Nilipata hasira mpaka masikio yakawa ya moto. Harusi ya mwanawe wa kumzaa, halafu miaka ishirini baadaye wajukuu waulize, bibi alikuwa wapi?

Kwanza nilimpeleka studio, moja ya hizi za vichochoroni karibu na soko, zenye maharusi wasio na hata kinyweleo wamebandikwa ukutani. Fundi alimwangalia mama kama anayechagua nyanya. "Ana rangi ngumu," akaniambia mimi, utadhani mama hayupo. "Lakini usijali dada, tutamsafisha." Akampiga, akaketi kwenye kompyuta, akasugua weee, akanitolea mwanamke wa rangi ya chapati ambaye sijapata kumwona maishani. Mama akaishika ile picha kwa mikono miwili, akauliza kwa adabu zake zote, "Huyu nani?" Nilimsonya yule fundi mbele ya wateja wake, na ningeweza ningemsonya tena leo.

Rangi ngumu! Kichwa chake ndicho kigumu.

Basi nikanunua kamera ya mtumba. Muuzaji aliapa kwa jina la mama yake kwamba ni mpya, imeshuka juzi kutoka Dubai, wakati kwenye kadi yake mmejaa picha za mahafali ya watoto wa watu. Nikaenda kwenye semina pia, ghorofani kule Posta, ambako mwalimu aliyevaa miwani ya jua ndani ya nyumba alimaliza asubuhi nzima akituonyesha picha zake mwenyewe na kutuambia watu makini wananunua lenzi gani. Nikamuuliza, nimpigeje mtu mweusi aliyesimama na watu weupe? "Unawasha flashi," akasema, akaendelea na picha zake. Nikachukua mkoba wangu nikaondoka kabla hata chai haijaletwa.

Nikajifunzia uani kwetu. Nyumba yetu ni ile ya zamani, ya chini, imebanwa na maghorofa mpaka jua linatufikia kwa kuomba. Niligeuza ndoo, nikaweka sahani nyeupe juu yake, juu ya sahani nikaweka kipande cha mkaa, nikapiga. Sahani ikatoka ya kijivu na mkaa ukatoka shimo tupu. Nikaondoa sahani, nikatandika baibui langu jeusi, mkaa ule ule, pale pale. Safari hii baibui likatoka kijivu, na mkaa nikauona mpaka mistari yake.

Nilikaa chini kwenye sakafu nikacheka peke yangu. Kumbe kamera ni jinga! Ukiiachia ijiamulie, inataka kila ikionacho kiwe kijivu cha wastani. Ikikuta weupe mwingi inaingiwa na woga, inafifisha kila kitu, na aliye mweusi ndiye anayezama. Kwa hiyo mama hakuzamishwa na rangi yake. Alizamishwa na ukuta na makanzu, na mvivu mmoja aliyeiamini mashine. Nilitamani nipande bajaji saa ile ile hadi Upanga nikamwambie shangazi.

Nikaitoa kamera kwenye otomatiki, na hapo ndipo balaa lilipoanza. Kuna mambo matatu ya kuchezea: tundu la lenzi lifunguke kiasi gani, kipazia cha ndani kikae wazi muda gani, na kamera ihisi mwanga kwa ukali gani. Yote nilikosea, na niliyakosea kwa zamu. Nilifungua tundu mno, nikapata pua safi na masikio ya ukungu. Nilichelewesha kipazia, mkono ukatikisika, uso ukawa uji. Nikapandisha ukali, picha ikajaa chenga kama televisheni ya zamani. Wa kujaribiwa alikuwa mama mwenyewe, akipepeta mchele, baada ya kumwapia kwamba zote nazifuta. "Umefuta?" alikuwa akiuliza bila kuinua macho. Nilikuwa nafuta kweli, maana zilikuwa uchafu mtupu.

Kisha nikajifunza kupima mwanga kwenye shavu lake tu, na kuupuuza uwanja mzima uliobaki. Mara ya kwanza akatoka kama aliyepakwa majivu, kwa sababu ile jinga ilitaka hata shavu la mama liwe kijivu. Nikapunguza kidogo. Nikapunguza tena. Weusi wake ukarudi taratibu, na mng'ao wa kwenye paji la uso, na ile mikunjo miwili ya karibu na mdomo ambayo hakuna kamera iliyowahi kuiona. Nikamwita aje atazame. "Sitaki," akasema, akaendelea na mchele wake. Nilijifanya sikuumia.

Likabaki tatizo moja. Mama akikaa sawa, mtu mweupe wa ubavuni pake anaungua, anabaki macho na nyusi. Nilimsimamisha mdogo wangu, aliyefuata weupe wa baba, nikapata uso wa unga wa sembe. Tukahangaika na viti uani, mbele, nyuma, pembeni, mpaka nikaona dawa yake. Jirani yetu ni ghorofa la vioo lililotuibia upepo, lakini alasiri vile vioo vinarudisha jua katikati ya uani kwetu. Chini ya upenu wa mabati mwanga ni hafifu. Basi mweusi akae mbele kwenye mwanga, weupe wasimame nyuma kwenye kivuli, na kipimo kimoja cha kamera kitawatosha wote.

Siku ya ndoa, alasiri, mashangazi wakaja na marashi yao, wakavikalia viti vya mbele bila kuuliza mtu.

"Shikamooni mashangazi," nikasema. "Naomba msimame nyuma, chini ya upenu."

"Nyuma ya nani?" akauliza shangazi mkubwa.

"Ya mama."

Mama alikuwa ameshageuka. "Wapige wenyewe, mwanangu. Mimi naangalia wali."

"Wali umeshaliwa, mama. Kaa."

"Huyu mtoto ana kiburi!" shangazi akasema. "Tangu lini sisi tunasimama nyuma kwenye nyumba ya kaka yetu?"

Nikaishikilia kamera kwa mikono miwili. "Tangu leo. Mama asipokaa hapo mbele sipigi, na bi harusi anaenda kwa mumewe bila picha ya kwao."

Bi harusi mwenyewe akainua shela lake, akamshika mama mabega, akamkalisha. Akabaki amesimama nyuma ya kile kiti kama askari. Shangazi akaangalia huku na huku akitafuta wa kumtetea, hakumpata, akainuka akivuta mguu mmoja baada ya mwingine.

"Ahsante, shangazi. Sogea kushoto kidogo."

Nikapima kwenye shavu la mama. Shela likapoteza nakshi kidogo mabegani, nikaikubali hasara hiyo. Nikapiga.

Wageni walipopungua, nikaihamishia picha kwenye simu. Kabla sijaituma kwenye kundi la familia, shangazi mkubwa, aliyekwisha ondoka, akamtumia mama ujumbe wa sauti, tukausikia sote pale kwenye mkeka: "Wifi, mwambie mwanao asithubutu kuirusha hiyo kabla hajatusafisha. Huko nyuma katuweka kama mizigo."

Mama akaninyooshea mkono. "Hebu lete."

Akaishika simu mbali kidogo na macho. Akawatazama mashangazi kule kivulini, kila mkunjo mahali pake, poda imeishia shingoni. Kisha akaivuta kwa vidole viwili mpaka ukabaki uso wake peke yake. Akautazama muda mrefu. Nilikuwa na hakika atasema nifute.

"Niwasafishe kwanza?" nikamuuliza. "Au nikusafishe wewe?"

"Usimguse mtu," akasema. "Tuma ilivyo. Walinicheka miaka yote sionekani. Leo wacheke wananiona."